Namna ya Kulichunguza Neno la Kigiriki Lililo Nyuma ya "Asili" katika Agano Jipya

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria semina ya wainjilisti ambako mwalimu alisoma 1 Wakorintho 2:14 katika Biblia ya Union: "Basi mwanadamu wa tabia ya asili hayapokei mambo ya Roho wa Mungu." Kisha akaeleza, kwa muda wa nusu saa hivi, kwamba mtu wa tabia ya asili ni yule anayeshika mambo ya asili, yaani matambiko, hirizi, mitishamba na ngoma za kwao. Ukumbi mzima uliitikia, na mimi niliyanakili maelezo hayo kwenye daftari langu nikayafundisha mahali pengine pawili. Baadaye, nilipoanza kujikongoja katika Kigiriki cha Agano Jipya, nikakuta kwamba neno alilolitumia Paulo halihusiani hata kidogo na mila, na kwamba, ukiifuata hoja yake tangu sura ya kwanza, mtu anayelengwa hapo anafanana zaidi na msomi hodari wa kujenga hoja kuliko mzee wa kijijini mwenye kibuyu.

Kosa lile halikutokana na uvivu. Lilitokana na neno "asili" lenyewe, ambalo kwa Kiswahili cha leo lina kazi nyingi mno: tunasema dawa za asili, kuku wa asili, uoto wa asili, Mtanzania mwenye asili ya Asia. Biblia inapolitumia, sikio la msikilizaji huchukua maana iliyo karibu zaidi na maisha yake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulifuata neno hilo hadi kwenye Kigiriki chake, hatua kwa hatua, kwa kutumia vifaa ambavyo katekista, mwinjilisti au mwanafunzi wa chuo cha Biblia anaweza kuvipata.

Vifaa

Unahitaji Biblia ya Union ya 1952, kwa kuwa ndiyo inayosomwa na wengi na ndiyo nitakayoinukuu hapa. Tafsiri nyingine moja ya Kiswahili ya kulinganisha. Na programu ya Biblia ya kwenye simu inayoonyesha namba za Strong. Namba hizo zilitokana na itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha mahali kila neno la Biblia linapopatikana, iliyotolewa mwaka 1890 na James Strong, Mmarekani aliyelipatia kila neno la msingi la Kiebrania na la Kigiriki namba yake, hata mtu asiyezisoma herufi za Kigiriki aweze kulifuata neno moja kutoka kitabu hadi kitabu. Chukua pia daftari na kalamu, kwa sababu kazi hii haifanyiki vizuri kichwani.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni neno gani la Kigiriki

Usianze na maana. Anza na namba. Fungua 1 Wakorintho 2:14, uguse neno "asili", na utaona G5591, yaani *psychikos* (ψυχικός). Kisha fungua Warumi 1:26, penye maneno "matumizi ya asili", na utaona G5446, yaani *physikos* (φυσικός). Ukiyaandika kwa herufi zetu, maneno hayo mawili yanafanana kama mapacha. Kwa Kigiriki hayana undugu wowote. La kwanza linatokana na *psychē*, neno la nafsi na uhai. La pili linatokana na *physis*, neno la maumbile, ambalo nalo limetokana na kitenzi *phyō*, kuota au kuchipua, kitenzi kilekile kilichomo katika mfano wa mpanzi, Luka 8:6, mbegu ilipoota juu ya mwamba kisha ikakauka.

Kwa hiyo Biblia ya Union imeyafunika maneno mawili kwa kitambaa kimoja. Silaumu wafasiri, maana hata Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilifanya vivyo hivyo katika mistari hiyohiyo. Hata hivyo, mwalimu anayechukua itifaki ya Kiswahili, akatafuta "asili" na kuziunganisha aya zote alizozipata kana kwamba zinasema jambo moja, atakuwa anashona nguo kwa vitambaa vya mafundi wawili tofauti.

Andika namba hizo juu ya kurasa mbili za daftari, kila moja na ukurasa wake, wala usiruhusu aya ya ukurasa mmoja ihamie mwingine.

Hatua ya pili: kusanya mahali pote neno linapotokea

*Psychikos* ni neno adimu. Katika Agano Jipya lote limetokea mara 6 tu: mara moja katika 1 Wakorintho 2:14, mara mbili katika 1 Wakorintho 15:44, mara moja katika 15:46, mara moja katika Yakobo 3:15, na mara moja katika Yuda 19. Uadimu huo ni faida, kwa kuwa unaweza kuzisoma zote kwa jioni moja na usiache kitu nje. Ziandike kama zilivyo katika Union, kisha uupigie mstari ule msemo uliobeba neno letu:

1 Wakorintho 2:14: "mwanadamu wa *tabia ya asili*".

1 Wakorintho 15:44: "hupandwa mwili *wa asili*; hufufuliwa mwili wa roho".

Yakobo 3:15: "bali ni ya dunia, *ya tabia ya kibinadamu*, na ya Shetani".

Yuda 19: "watu *wa dunia hii tu*, wasio na Roho".

Tazama jinsi neno moja lilivyovaa mavazi manne. Msomaji wa Kiswahili peke yake hawezi kujua kwamba Yuda na Paulo wametumia neno lilelile, na tena anaweza kudhani kwamba "ya dunia" ya Yakobo na "wa dunia hii" ya Yuda ni neno moja, ilhali si hivyo: katika Yakobo, "ya dunia" ni *epigeios*, na neno letu linakuja baada yake.

Hatua ya tatu: rudi kwenye shina, lakini usilale hapo

*Psychē*, G5590, limetokea zaidi ya mara 100 katika Agano Jipya. Linahusiana na pumzi, na wafasiri wa Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki, walilitumia kutafsiri *nefesh* ya Kiebrania. Mwanzo 2:7, "mtu akawa nafsi hai", kwa Kigiriki ni *psychēn zōsan*. Maneno hayohayo yametumika kwa wanyama katika Mwanzo 1:24. Maana yake ya msingi, basi, si sehemu ya mtu inayoelea ndani yake na kungoja kuondoka. Ni uhai wa kiumbe kinachopumua, kinachoona njaa, kinachotamani na kuogopa.

Kiswahili kimepata bahati hapa, kwa kuwa "nafsi" ilitufikia kutoka Kiarabu *nafs*, ambalo ni ndugu wa damu wa *nefesh*. Tena katika mazoea ya pwani nafsi tayari ina ladha ya matakwa ya mtu: tunasema kupigana na nafsi, nafsi imemwongoza, na kutokana nayo tumepata "ubinafsi". Mtu wa Mombasa au wa Unguja, awe Mwislamu au Mkristo, yuko karibu na *psychē* kuliko anavyodhani.

Bahati hiyo lakini imechanganyika na mtego. Biblia ya Union hutafsiri *psychē* mara kwa "nafsi", mara kwa "roho", na "roho" ndilo pia neno la *pneuma*. Fungua Luka 12, mfano wa tajiri mwenye ghala. Katika mstari wa 19 tajiri anasema, "Ee nafsi yangu", akiiambia kwamba ina akiba ya kutosha. Katika mstari wa 20 Mungu anamjibu, "Mpumbavu wewe, usiku huu wa leo wanaitaka roho yako!" Kwa Kigiriki ni *psychē* pande zote mbili. Kile alichokibembeleza jioni ndicho kile kile anachodaiwa usiku, na kejeli hiyo yote imepotea mikononi mwetu kwa sababu Kiswahili hukata roho, hakikati nafsi. Vivyo hivyo Mathayo 10:28, "wasiweze kuiua na roho", ni *psychē*. Kwa hiyo usiseme kamwe, "Kiswahili kinasema roho, basi Kigiriki ni *pneuma*." Angalia namba kila mara.

Hilo la shina lina mpaka wake. Nimesikia ikifundishwa kwamba kwa kuwa saikolojia imetokana na *psychē*, basi *psychikos* ni mtu anayetegemea saikolojia, na kwamba Paulo alikuwa akiwaonya Wakorintho dhidi ya washauri nasaha. Saikolojia kama jina la elimu imezaliwa karne nyingi baada ya Paulo, na mjukuu hawezi kumfafanua babu kwa nguo alizozivaa yeye.

Hatua ya nne: tafuta neno lililosimama upande wa pili

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Neno kama *psychikos* halina uzito wake lenyewe. Hupimwa kwenye mizani na neno lililowekwa mkabala wake.

Chukua mfano kutoka nje ya Biblia. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake yaitwayo Maadili ya Nikomako, anagawa starehe mafungu mawili: za mwili, na zile za *psychē*, kama vile kupenda heshima na kupenda kujifunza. Kitabu cha 4 Makabayo, maandishi ya Kiyahudi ya Kigiriki, katika 1:32 nacho kinagawa tamaa katika zile za kinafsi, *psychikai*, na zile za kimwili, *sōmatikai*. Katika matumizi hayo *psychikos* limekaa juu na mwili umekaa chini. Mtu angeitwa hivyo na angefurahi.

Paulo halipambanishi neno hilo na mwili. Anaandika kutoka Efeso, kama inavyojulikana katika 1 Wakorintho 16:8, kwa kanisa ambalo limegawanyika makundi kwa ajili ya hekima na ufasaha wa viongozi. Anaanza kwa kusema kwamba Wayunani wanatafuta hekima (1:22), anafika kwa wenye kuitawala dunia hii ambao hawakuijua hekima ya Mungu, maana kama wangaliijua wasingalimsulibisha Bwana wa utukufu (2:8), ndipo anapolitaja neno letu. Na mara tu baada yake, mstari wa 15, anamweka mtu wa rohoni, *pneumatikos*. Mkabala wa *psychikos* hapa ni *pneumatikos*, na *pneuma* anayezungumzwa tangu mstari wa 10 ni Roho wa Mungu. Hivyo *psychikos* ni mtu aliye na kila alichozaliwa nacho, pumzi, akili, elimu na hata maadili mema, ila hana Roho huyo. Neno lililokuwa juu kwa Aristotle limeshushwa kwa sababu kuna kilicho juu zaidi kimewekwa mezani. Hicho ndicho kilichokosekana katika somo la semina ile: tungefuata mizani ya Paulo, kidole kingewaelekea wenye vyeti, wakiwemo waliokuwa wakifundisha.

Angalia pia kitenzi. "Hayapokei" ni *dechomai*, kitenzi cha kumpokea mgeni na kumkaribisha ndani. Na "yatambulikana", mwishoni mwa mstari huohuo, ni *anakrinō*, kupeleleza na kuhoji, kama hakimu anavyomhoji mtu. Ndicho kitenzi alichokitumia Pilato katika Luka 23:14 aliposema amemhoji Yesu. Mtu huyo si kwamba hakuelewa sentensi. Amezisikia habari, lakini hazikaribishi ndani wala hana njia ya kuzipima.

Hatua ya tano: pima kiishio cha neno

Kigiriki kina viishio viwili vinavyofanana: *-inos* na *-ikos*. Cha kwanza kwa kawaida hutaja kitu kimetengenezwa kwa nini: *lithinos*, ya mawe, katika 2 Wakorintho 3:3, *xylinos*, vya mti, katika 2 Timotheo 2:20. Cha pili hutaja namna, uhusiano au tabia. Waandishi hawakuishika tofauti hiyo kwa ukali siku zote, na ndiyo maana Paulo anatumia *sarkinos* katika 1 Wakorintho 3:1 na *sarkikos* katika 3:3, yote mawili yakiwa na maana ya mtu wa mwilini, kwa watu walewale. Hata hivyo inasaidia sana.

Inasaidia kwa sababu kiunganishi chetu "-a" hakitofautishi mambo hayo. Tunasema kikombe cha udongo, na tunasema kikombe cha chai, na mtoto mdogo anajua kwamba kikombe cha pili hakikufinyangwa kwa majani ya chai. Lakini tukisema "mwili wa roho", msikilizaji hana cha kumwongoza, na wengi husikia kikombe cha udongo: mwili uliotengenezwa kwa roho, yaani kitu kama moshi. Kiishio *-ikos* kinaelekeza kwenye kikombe cha chai. *Sōma pneumatikon* ni mwili unaohuishwa na kuongozwa na Roho. *Sōma psychikon* ni mwili unaohuishwa na nafsi, uhai huu wa kawaida wa kupumua na kuchoka. Yote miwili ni miili.

Hatua ya sita: soma 1 Wakorintho 15:44–46 polepole

Hapa nakusihi uweke simu pembeni na uyaandike maneno kwa mkono, kwa safu mbili. Upande wa kushoto andika Kiswahili cha Union:

mwili wa asili … nafsi iliyo hai

mwili wa roho … roho yenye kuhuisha

Upande wa kulia andika Kigiriki:

*sōma psychikon* … *psychēn zōsan*

*sōma pneumatikon* … *pneuma zōopoioun*

Mstari wa 45 unasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, Mtu wa kwanza, Adamu, akawa nafsi iliyo hai; Adamu wa mwisho ni roho yenye kuhuisha." Kwa Kigiriki hoja ya Paulo inaonekana kwa macho: mwili wa *psychē* unatoka kwa yule aliyefanywa kuwa *psychē*, na mwili wa *pneuma* unatoka kwa yule aliye *pneuma*. Kwa Kiswahili nusu ya pili ya hoja imebaki, roho na roho, lakini nusu ya kwanza imevunjika, kwa kuwa "asili" na "nafsi" hazionyeshi uhusiano wowote. Msomaji anaona Paulo ananukuu Mwanzo na hajui kwa nini. Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza, mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, nilizifuta kurasa mbili za maelezo niliyokuwa nimeyaandaa juu ya kifungu hicho.

Kuna jambo jingine katika nukuu hiyo. Mwanzo 2:7 iko kabla ya sura ya tatu. Adamu aliyefanywa nafsi hai hajala tunda. Kwa hiyo "mwili wa asili" katika sura hii si tusi wala si mwili wa dhambi. Ni mwili kama ulivyoumbwa, wa udongo, kama mstari wa 47 unavyosema, na wenye mwisho. Paulo anaulinganisha na chembe tupu ya ngano (15:37), na hakuna mkulima anayeilaumu mbegu kwa kuwa bado si suke. Anasisitiza mpangilio tu: kwanza wa nafsi, baadaye wa roho. Anayechukua lawama ya sura ya 2 na kuimwaga katika sura ya 15 ataishia kufundisha kwamba kuwa na mwili wa kawaida ni kosa, fundisho ambalo kanisa la kwanza lilipigana nalo.

Kweli lilipigana. Katika karne ya pili wafuasi wa Valentinus, mwalimu aliyehesabiwa na kanisa kuwa mzushi, waligawa wanadamu mafungu matatu: watu wa udongo, watu wa nafsi, ambao ndio *psychikoi*, na watu wa roho, ambao bila shaka walikuwa wao wenyewe. Waumini wa kawaida waliwekwa fungu la kati. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliwajibu kwa maandishi yapata mwaka 180. Na Tertullian wa Carthage, alipokwisha kujiunga na Wamontano, kundi lililosisitiza unabii na nidhamu kali, aliwaita Wakristo waliobaki *psychici* kwa dharau, hasa kwa kuwa hawakufunga kama yeye alivyoona inafaa. Nikiona leo mchoro wa duara tatu ubaoni, mtu wa asili, mtu wa mwilini na mtu wa rohoni, huwa najiuliza ni nani aliyeuchora na amejiweka katika duara lipi. Paulo ana maneno hayo matatu, lakini hakuwapangia Wakorintho makabati matatu ya kudumu. 3:1 inasema aliongea nao "kama" na watu wa tabia ya mwilini, kwa sababu ya wivu na fitina, mambo ambayo mtu anaweza kuyaacha.

Hatua ya saba: Yakobo na Yuda

Yakobo 3:15 analitumia kwa hekima, si kwa mtu. Ameweka maneno matatu yanayoteremka ngazi: *epigeios*, ya dunia, *psychikē*, ya nafsi, *daimoniōdēs*, ya mashetani. Mkabala wake ni hekima "ishukayo kutoka juu". Hapa neno letu limekaa katikati ya ngazi, na tafsiri "ya tabia ya kibinadamu" si mbaya, kwa kuwa inaonyesha kwamba hekima hiyo haijatoka mbali kuliko mtu mwenyewe, pamoja na wivu wake wenye uchungu.

Yuda 19 ni fupi na kali. Bahati nzuri mwandishi ametupa fasili yake papo hapo: *psychikoi, pneuma mē echontes*, watu wa nafsi, wasio na Roho. Ukiulizwa maana ya *psychikos* kwa sentensi moja, soma hapo.

Hatua ya nane: fungua ule ukurasa wa pili

*Physikos* limetokea mara 3 tu, Warumi 1:26, 1:27 na 2 Petro 2:12, na kielezi chake *physikōs*, G5447, mara moja, Yuda 10. Jina lenyewe *physis*, G5449, limetokea mara 14. Hapa nitapita upesi, ila tazama Union ilivyolitafsiri jina hilo: "tabia" katika Warumi 2:14 na Waefeso 2:3, "maumbile" katika 1 Wakorintho 11:14, "asili" katika Wagalatia 2:15, "Sisi tulio Wayahudi kwa asili", "aina" katika Yakobo 3:7, na "tabia ya Uungu" katika 2 Petro 1:4. Kwa neno hili "asili" inafaa kabisa, maana *asl* ya Kiarabu ni shina na mzizi, na *physis* nalo linatokana na kuchipua.

Warumi inatoa somo zuri la kutozidisha. Katika 1:26 kuna msemo *para physin*, kinyume cha asili, katika kifungu cha kulaumu. Katika 11:24 msemo uleule unatumika kwa Mungu mwenyewe, anayelichukua tawi la mzeituni mwitu na kulipandikiza "kinyume cha asili" katika mzeituni ulio mwema. Anayejua kubebesha miche ataelewa mshangao wa mfano huo: mkulima wa michungwa huchukua kikonyo cha mchungwa mzuri akakibebesha juu ya shina la mlimau, wala hafanyi kinyume chake. Msemo wenyewe, basi, haubebi hukumu. Hukumu au sifa hutolewa na habari inayouzunguka.

Hatua ya tisa: amua utasema nini kwa Kiswahili

Baada ya uchunguzi lazima usimame mbele ya watu na kusema neno. Pendekezo langu ni kwamba usome mstari kama ulivyo katika Biblia ya wasikilizaji wako, kisha ueleze kwa "mtu wa nafsi", ukiongeza mara moja, "yaani mwenye uhai wa kuzaliwa tu, asiye na Roho wa Mungu". "Mtu wa nafsi" si msemo wa kila siku, na kuna hatari usikike kama "mbinafsi", lakini unaokoa uhusiano wa 15:44 na 15:45, na ugeni wake unamfanya msikilizaji aulize. Vulgata, yaani Biblia ya kale ya Kilatini, ina *animalis homo*, kutoka *anima*, nafsi. Njia hiyohiyo, na hatari yake ileile, kwa kuwa wengi walisikia mnyama.

"Mtu wa kidunia" ni rahisi kueleweka, lakini kwetu mtu wa kidunia ni mlevi na mpenda starehe, na tutakuwa tumemwachia tena yule msomi mwema apite mlangoni bila kuguswa. "Mtu wa kawaida" ni mpole mno kwa Yuda, ingawa kwa mwili wa sura ya 15 unafaa vizuri. Hakuna sheria kwamba neno moja la Kigiriki lipate neno moja la Kiswahili kila mahali. Kilicho muhimu ni mwalimu ajue anapobadilisha na aseme kwa nini.

Zoezi

Chukua Waraka wa Yuda, ambao una mistari 25 tu, usome wote kwa sauti, kisha urudi kwenye mistari miwili. Mstari wa 10 unasema juu ya watu waliojipenyeza kanisani kwamba kuna mambo "wayatambuayo kwa asili yao kama wanyama wasio na akili". Mstari wa 19 unasema ni "watu wa dunia hii tu, wasio na Roho". Tafuta namba ya "asili" katika wa 10 na namba ya "wa dunia hii" katika wa 19, uziandike kila moja kwenye ukurasa wake wa daftari. Utaona kwamba pale Kiswahili kinaposema asili, Yuda hatumii neno la 1 Wakorintho 2:14, na pale anapolitumia, Kiswahili hakisemi asili. Kisha andika mstari wa 19 upya kwa maneno yako, bila kutumia "asili", "dunia" wala "mwili", na umsomee mtu ambaye hajawahi kusikia neno la Kigiriki, akikuuliza, "Hao watu wanakosa nini hasa?", mwonyeshe maneno matatu ya mwisho ya mstari.